Rafiki zangu wananiita safarini, nyumbani wanasema nakula bata

Assalaam aleykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26 kutoka Tanga. Tangu Oktoba mwaka jana nasoma shahada ya uzamili ya mambo ya maji mjini Dresden, Ujerumani. Nakuandikia kwa sababu nina siku kumi tu za kutoa jibu, na kila ninayemuuliza anavutia upande wake.

Kuja kwangu huku hakukuwa rahisi. Ili nipate viza nilitakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu ambayo hufungwa, halafu inakuachia euro 992 tu kila mwezi. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Kaka yangu mkubwa aliuza kiwanja chake cha Pongwe, na mjomba akanikopesha zilizopungua. Ndiyo maana kila senti ninayotumia huku naiona ina jina la mtu.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa peke yangu. Desemba ikifika saa kumi jioni kumeshakuwa giza. Nilikuwa natoka darasani, napika wali, nalala. Urafiki ulianzia kwenye jiko la bweni. Usiku mmoja nilikuwa nahangaika na chapati, kila nikisukuma zinachanika. Kijana wa Kihindi wa ghorofa yangu akaitazama pakiti ya unga, akaniambia huu wa namba 405 ni wa keki, katafute wa 550. Kesho yake chapati zikakubali. Harufu ikamleta dada wa Kolombia, kisha Mwindonesia, kisha dada wa Georgia. Sasa tuko watano na kila Ijumaa tunapika pamoja. Februari niliposhikwa na homa, yule wa Georgia alitandika godoro chumbani kwangu akalala nami siku mbili. Hawa ndio ndugu zangu wa huku.

Wakati wa Pasaka tulikwenda Prague siku tatu. Niliweka stetasi picha moja tu, nimesimama darajani nacheka. Haikupita nusu saa kaka akaniandikia: "Hongera mdogo wangu, kula bata. Ada ya mdogo wako tutajua wenyewe." Mama hakuandika neno, na wiki ile nilimpigia mara mbili hakupokea. Shangazi, mimi kila mwezi natuma euro 100 za ada hiyo! Na safari yenyewe ilinigharimu euro 140, ambazo 85 alinilipia Mkolombia na mpaka leo sijamrudishia. Nikimkumbushia anasema nisijali.

Sasa wiki ya Pentekoste, kuanzia Jumatatu 25 hadi Jumapili 31 Mei, chuo hakina vipindi. Wenzangu wamepanga mzunguko: Prague usiku mmoja, Vienna siku mbili, Bratislava mmoja, Budapest siku mbili, Jumapili kurudi. Wanasema euro 300 kwa kila mtu zinatosha, na kianzio cha euro 60 cha malazi kitolewe kabla ya Ijumaa tarehe 15.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo, tarehe 27, inatarajiwa kuwa Idd el-Hajj. Kuna mama mmoja wa Kizanzibari anaishi Berlin. Siku niliyoshuka Ujerumani ndiye aliyekuja kunipokea, ameshika koti mkononi, akakaa nami wiki nzima kwake. Idd ya mfungo mosi sikwenda kwa sababu nilibadilishiwa zamu kazini. Akaniambia, "Hii si neno, lakini ya pili usiniangushe." Anategemea nikapike naye. Mwindonesia, ambaye ni Mwislamu mwenzangu, anasema tutaswali Idd Vienna, kuna msikiti mkubwa kando ya mto Danube.

Kuna na mengine. Tarehe 5 Juni nawasilisha ripoti ya kikundi. Jumamosi nafanya kazi masaa matano kwenye duka la mikate, tangu Novemba. Na Oktoba kibali changu cha ukaazi kinaisha, itabidi nionyeshe tena pesa za mwaka wa pili. Nimeshaweka akiba euro 1,350, na mjomba ameahidi kuongezea.

Nimefikiria niende kimya kimya, niwafiche kaka na mama wasione stetasi. Yule Mhindi anasema kila mtu hufanya hivyo. Lakini moyo haujatulia. Nikibaki, nitawaona wanarudi na hadithi ambazo mimi simo, nami nirudie maisha ya wali na kulala. Huyo Mhindi mwenyewe kadi yake ya ukaazi bado inatengenezwa, ana karatasi ya muda, lakini anasema hakuna tatizo.

Niende, Shangazi? Na nikienda, niwaambie?

Nipo Njia Panda, Dresden

*

Waaleykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa haraka nikaona habari za safari. Nilipoirudia taratibu nikaona kitu kingine. Umeeleza hesabu zako zote kwangu mimi nisiyekujua, lakini kaka yako hazijui, mama hazijui, na rafiki zako hao wanne pia hawazijui. Nyumbani wanaona picha ya mtu anayecheka darajani. Bwenini wanamwona mwenzao mchangamfu anayepika chapati na asiyesema "sina". Wewe umekaa katikati na daftari lako limefungwa. Kabla ya swali la kwenda au kubaki, naomba tulifungue hilo daftari.

Nianze na ujumbe wa kaka, maana naona umekuchoma. Umeusoma kama hukumu, na pengine ni hukumu kweli. Lakini jiulize anachokijua mtu huyu. Ameuza kiwanja. Akipita Pongwe anaona mwingine anapanga tofali pale. Halafu inakuja picha isiyo na bei wala maelezo. Hajui mlisafiri kwa nauli gani, mlilala wangapi chumba kimoja, wala kwamba sehemu kubwa ya pesa ile ni deni. Je, anajua kwamba euro 100 za kila mwezi hutoka kwenye Jumamosi zako, wala si kwenye pesa ya kiwanja? Barua yako haisemi kama uliwahi kumwambia. Na mama asipopokea simu mara mbili, inaweza kuwa ni hasira, inaweza kuwa ni simu iliyokuwa chaji jikoni. Umeshamuuliza? Nadhani ukimya wake umeutafsiri wewe peke yako, usiku, mbali na nyumbani, na saa kama hizo mtu hujitafsiria mabaya.

Sasa pesa. Euro 300 walizosema wenzako sidhani kama ni uongo, ila zimehesabu nauli na malazi na kidogo cha mfukoni. Hebu nikupigie za wiki nzima kwa bei za kawaida za mwanafunzi, ukijua kwamba hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Basi la Dresden hadi Prague, mwendo wa kama masaa mawili, weka euro 15. Prague hadi Vienna, masaa manne, 20. Vienna hadi Bratislava ni saa moja tu, 10. Bratislava hadi Budapest 15. Kurudi Budapest hadi Dresden ndiyo nauli inayosahauliwa, maana kila mtu hupanga kwenda. Ni safari ya usiku mzima, weka 40. Hiyo ni 100. Malazi siku sita kwa 25 ni 150. Chakula, mkijipikia mara moja kwa siku, 15 kwa siku saba ni 105. Tramu na metro za miji minne 35. Viingilio 30. Jumla euro 420. Ongeza Jumamosi ya tarehe 30 ambayo hutakuwa kazini: kima cha chini cha mshahara huko tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa, masaa matano ni 69.50. Kwa hiyo safari yako ni karibu euro 490, si 300. Ni kama theluthi moja na zaidi kidogo ya akiba yako.

Lakini hapo kwenye Jumamosi kuna jambo ambalo wanafunzi wengi wageni hawalijui. Sheria ya Ujerumani inampa kila mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua wiki nne kwa mwaka, hata anayefanya kazi siku moja kwa wiki. Kwako wewe wiki nne maana yake ni Jumamosi nne. Haki hiyo hukamilika baada ya miezi sita kazini, nawe umeanza Novemba. Haiji yenyewe, inaombwa. Andika ujumbe mfupi kwa msimamizi wako, taja tarehe, uombe akujibu kwa maandishi. Ukiomba mapema Jumamosi hiyo inaweza kulipwa ukiwa safarini, au ukiwa umelala zako bwenini. Ukiomba Alhamisi jioni ukikuta zamu imeshapangwa, anaweza kukataa na hatakuwa na kosa.

Deni la Mkolombia ni euro 85, na ningependa ulitazame kabla ya kile kianzio cha 60. "Usijali" kwa watu wengine maana yake "nimekusamehe", kwa wengine "lipa ukipata", na kwa wengine ni adabu tu. Hujui yake ni ipi. Mkisafiri siku saba huku hilo halijasemwa, litapanda basi pamoja nanyi. Mtu akikulipia kahawa Vienna utajisikia vibaya, akisahau kukulipia utajiuliza kuna nini. Unaweza kumpa 40 leo na kumtajia tarehe ya zile 45. Urafiki wa jikoni kwenu ni mzito kuliko euro 85, lakini mkilinyamazia mno deni hili litauchosha.

Mkikubaliana kwenda, kubalianeni pia namna ya kuchanga. Matatizo ya kundi la watano huanza pale mmoja anapolipia wote kwa kadi, mwingine anaahidi kurudisha, na siku ya nne hakuna anayekumbuka. Euro mtaitumia Vienna na Bratislava tu. Prague ni koruna na Budapest ni forinti, kwa hiyo kukumbuka kwa kichwa hakuwezekani. Kila mtu atoe euro 50 kwenye mfuko mmoja mwanzoni, mtu mmoja aushike, na kila usiku kabla ya kulala matumizi yaandikwe kwa sarafu iliyotumika. Ukitoa pesa kwenye mashine Prague au Budapest, itakuuliza kama unataka kukatwa kwa euro. Inaonekana kama msaada, lakini kiwango hicho hupangwa na mwenye mashine na kina faida yake ndani. Kataa, chagua koruna au forinti, benki yako ifanye hesabu. Tiketi ya karatasi ya tramu ipige muhuri kwenye kimashine mara unapopanda, maana isiyo na muhuri wakaguzi huihesabu kama hukukata. Maji ya bomba ya Vienna yanatoka chemchemi za milimani, beba chupa ujaze.

Karatasi zako nazo zikague. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani, ikiwa hai, pamoja na pasipoti, vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hadi siku 90 katika kila siku 180. Zote nne mnazokwenda zimo. Lakini kuwa ndani ya Schengen si kusema hakuna ukaguzi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi hupanda ndani ya basi usiku wakati wa kurudi. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi. Hungary nako, hosteli zinatakiwa kusoma pasipoti ya kila mgeni kwa mashine anapofika. Kadi yako ya bima ya afya igeuze nyuma: ikiwa nafasi za jina na namba zimejazwa, utatibiwa katika nchi hizo kama raia wao wa bima. Ikiwa zimejazwa nyota au alama za X, bado hujakamilishiwa, wapigie bima kabla ya kuondoka.

Na huyu kijana wa unga wa 550. Anasema hakuna tatizo, nami sitaki kumtia hofu bure, lakini zile karatasi za muda hazifanani. Ndani kuna visanduku, na kilichowekwa alama ndicho kinachoamua kama mtu anaweza kutoka Ujerumani na kurudi. Aiulize ofisi iliyompa, kwa barua pepe, apate jibu lililoandikwa. Tatizo hili si lake peke yake. Akishushwa basi mpakani saa nane usiku, mmoja wenu atabaki naye. Mmeshaamua ni nani?

Sasa nikurudishie dhana nyingine uliyonayo, kwamba ni wiki nzima au hakuna. Ni nani aliyesema hivyo? Tazama mzunguko wenyewe ulivyo.

Unaweza kwenda nao Prague na Vienna, ukaswali Idd Vienna, na Alhamisi ukarudi peke yako. Msikiti anaousema Mwindonesia upo kweli, ulifunguliwa mwaka 1979 kando ya Danube. Nauli ya kwenda na kurudi kama 75, siku tatu za malazi 75, chakula cha siku nne 60, usafiri wa mjini 20, viingilio 15: euro 245. Jumamosi unaiwahi kazini, na ripoti inapata siku mbili. Hatari yake ni mbili. Mama wa Berlin utakuwa umemkosa kwa mara ya pili. Na kama unafunga Arafa, Jumanne hiyo utakuwa njiani na mizigo, na mwishoni mwa Mei huko saumu inakaribia masaa 18, tangu karibu saa tisa za usiku hadi jua lizame baada ya saa mbili na nusu usiku. Msafiri ana ruhusa yake, hilo unalijua, lakini lipange kabla badala ya kuamulia kwenye kituo cha treni.

Au unaweza kugeuza. Jumanne unakwenda Berlin kwa treni za mikoa kwa tiketi yenu ya wanafunzi, karibu masaa matatu ukibadilisha treni, hulipi zaidi. Arafa unafuturu kwa mama, Idd mnapika, Alhamisi unashika reli. Njia ya Berlin kwenda Budapest inapita Dresden, Prague na Bratislava, kwa hiyo wenzako unaweza kuwakutia Bratislava jioni. Nauli ya njia hii ni kama 100, malazi siku tatu 75, chakula 60, mjini 15, viingilio 15: jumla 265, na Jumamosi uiombee likizo. Hatari yake ni uchovu, na kwamba treni moja ikichelewa utafika wameshalala. Ripoti nayo itabaki na siku nne tu za kazi ukirudi, tena pamoja na vipindi. Wenzako wa kikundi wajue mapema sehemu yako utaimaliza lini. Ikiwezekana iwe kabla ya tarehe 25.

Au usiende kabisa mzunguko huo. Naona kubaki umekuchora kama kurudi gizani, wali na kulala. Lakini Mei si Desemba, mwanangu, na wewe wa leo siye yule wa Desemba. Jumapili ya tarehe 24, siku moja kabla hawajaondoka, unaweza kuwachukua wote wanne kwenda Bastei, kwenye majabali yaliyo juu ya mto Elbe. Treni ya S1 kutoka Dresden, kama dakika 40, mnashuka Kurort Rathen. Kituo kiko ng'ambo ya mto, mnavuka Elbe kwa kivuko ambacho hakina injini. Kimefungwa kwa waya mrefu uliotiwa nanga juu mtoni, na maji yenyewe ndiyo yanayokisukuma kutoka ukingo hadi ukingo, nahodha anageuza pembe tu. Mtu wa mambo ya maji kama wewe atapenda kukaa pale mbele akitazama waya unavyokaza. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu dakika 40, mpaka daraja la mawe la mwaka 1851 lililopita kati ya majabali, mto uko mita 194 chini yenu. Kivuko ni euro chache, daraja halina kiingilio, chapati mnabeba. Haitakuwa Budapest. Lakini hiyo hadithi utakuwamo. Hatari ya kubaki ni ile uliyoisema, kwamba wiki itakayofuata watakuwa wanacheka mambo usiyoyajua, na hilo litauma kwa muda. Sidhani kama aliyelala sakafuni kwako siku mbili atakuacha kwa sababu ya wiki moja. Lakini wewe unawajua, mimi siwajui.

Hapo ndipo ninapotaka uwaambie ukweli wa mfuko wako, hata kwa maneno machache jikoni: "Napenda kuja, lakini kwa mwezi nina kiasi hiki, na Oktoba naonyesha pesa tena." Mwindonesia au Mgeorgia anaweza kuwa na hesabu kama yako na yeye amenyamaza. Makundi ya wanafunzi mara nyingi hufuata bei ya mwenye nacho, kwa sababu asiye nacho anaona haya kusema. Waulize pia kianzio hicho cha 60 kinarudishwa mtu akijitoa, na mpaka tarehe ngapi.

Tuje kwenye kuficha. Kuwazuia kaka na mama wasione stetasi ni kubonyeza mara mbili tu. Lakini mko watano wenye simu tano. Mwenzako akiweka picha mahali pa wazi na jina lako, au mtoto wa mama wa Berlin akimwonyesha binamu yake Unguja, habari itafika Tanga bila wewe kuwapo kuieleza. Hapo kaka hatakuwa anazungumzia euro tena, atakuwa anazungumzia kufichwa. Na Oktoba utamhitaji mjomba. Sisemi kuficha hakufai katika jambo lolote. Mtu wa miaka 26 ana mambo yake. Nasema hili lina gharama hiyo, iandike pamoja na nauli.

Kusema nako kuna hatari. Kaka anaweza kusema hapana. Kwa hiyo kabla hujapiga simu, amua unapiga kufanya nini: kuomba ruhusa au kutoa taarifa. Ukiomba ruhusa ukanyimwa, halafu ukaenda, umevunja zaidi kuliko ungenyamaza. Ukitoa taarifa, toa ikiwa na hesabu. Kwa mfano: "Kaka, kiwanja cha Pongwe sijakisahau. Pesa ile yote inakwenda kwenye chumba, bima na chakula. Ada ya mdogo wetu naitoa kwenye kazi ya Jumamosi. Nimeweka akiba euro 1,350 za kibali cha Oktoba. Mwisho wa Mei chuo hakina vipindi, rafiki zangu wa hapa wananialika, itanigharimu kiasi hiki, nami nimefikiria kufanya hivi." Hapo kwenye "hivi" utajaza wewe. Kama unapolifikia neno hilo unaona aibu kulitamka mbele yake, simama ujiulize aibu hiyo inatoka wapi. Inaweza kuwa inakwambia pesa haitoshi. Inaweza pia kuwa ni mazoea ya kudhani kwamba aliyegharimiwa hatakiwi kufurahi. Hizo ni aibu mbili tofauti, na ni wewe tu unayeweza kuzitenganisha.

Mama wa Berlin naye mpigie mwenyewe, usimtumie ujumbe. Umedhani atakasirika. Aliyekuja kukupokea na koti mkononi huenda anajua vizuri kuliko sisi sote wiki ya namna hiyo ina maana gani kwa mwanafunzi. Huenda pia ameshaagiza nyama. Muulize.

Nakushauri uanze na mama yako mzazi, peke yake, kabla ya kaka. Usianze na safari. Mwambie za chapati, za yule aliyelala sakafuni, maana sidhani kama anajua kwamba Februari uliumwa na ni nani aliyekuuguza. Wakati huu wa kiangazi Tanga wametangulia saa moja tu. Ukimpigia Jumapili saa mbili usiku za kwenu, kule ni saa tatu, vyombo vimeshaoshwa na amekaa. Asipopokea, subiri dakika kumi upige tena.